Mfuko wa ku bega si mapambo



Kila semina ikiisha, watu wanatoka na mfuko mpya ku bega. Una rangi nzuri, una maandishi makubwa, na kamba yake ni nyembamba sawa kamba ya kiatu. Mfuko ule unaenda kanisani, unaenda ku mkutano, kisha unatundikwa ku ukuta wa nyumba. Ku shamba hauendi. Siku ya kwenda shamba la mbali, masaa mawili ya kupanda mlima, mtu anashika panga mkononi, anatia simu mu suruali, basi, safari inaanza.

Sisi maagronome tunaotembea na ninyi ku mashamba tuna wazo letu, na tunalisema wazi: mfuko wa kazi ni chombo sawa jembe. Koperative inayohesabu majembe yake ihesabu na mifuko yake.

Wengine watasema: "Wazee wetu waliingia mu pori na panga tu, na walirudi." Ni kweli. Lakini siku hizi udongo wa karibu na nyumba umechoka ao umejaa watu, na wengi wetu tunalima mbali. Mtu akijikata saa nne asubuhi kule juu, kituo cha afya hakiko karibu. Mvua ikishuka saa nane, njia inateleza na mto unajaa. Tena kuko magonjwa ya mimea ambayo wazee hawakuyajua. Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulionekana Masisi mu mwaka 2001, na tangu pale umetembea sana mu Kivu. Moja ya njia zake za kutembea ni panga yetu wenyewe.

Tuchague mfuko gani?

Tusitafute wa bei kali. Fundi wa nguo wa soko anaweza kuushona na suruali ya jinsi ya mtumba ao kipande cha turubai. Tuangalie mambo matano.

Kamba iwe pana, upana wa vidole vinne, na ishonwe mara mbili pale inaposhikana na mfuko, juu pale ndipo mifuko yote inakatika. Iwe ndefu ya kupita kifuani, mfuko ukae nyuma kidogo ya kiuno. Ukining'inia mbele utakupiga magoti ukipanda mlima, na utakuangusha ukishuka.

Mfuko usiwe mkubwa. Ukubwa wa mfuko wa mtoto wa masomo unatosha. Mfuko mkubwa hauachi nafasi wazi: tutaujaza, na bega moja litaumia. Ukiwa na vitu vyote usipite kilo nne ao tano, na tuhamishe bega kila mara tunapopumzika.

Uwe na kifuniko kinachoshuka mpaka katikati, na kifungo kikubwa. Zipu inakufa haraka na matope na vumbi.

Rangi isiwe ya kiaskari. Hapa tunasema bila kuzunguka. Mu inchi nyingine mtu anayependa kutembea porini ananunua mfuko wa madoadoa ya kijani na anaona ni mzuri. Kwetu raia hana ruhusa ya kuvaa vitu vya askari, na ku barriere mfuko ule unaweza kukuletea maswali ambayo hauna majibu yake. Bluu, kahawia, nyekundu, zote ni sawa.

Na maandishi makubwa ya mradi tuyaache. Kuko njia ambako maandishi yale yanasema kwa watu wabaya: huyu anabeba pesa.

Ndani tutie nini?

Vitu vizito vikae chini na upande wa mwili. Vitu vya haraka vikae juu.

Chini kabisa, maji: litre moja na nusu, yaliyochemshwa ao yaliyotiwa dawa. Kando yake chakula mu kopo lenye kifuniko: viazi, ndizi, karanga, bugali ya jana. Anayelima bila kula anachoka, na mtu aliyechoka ndiye anayejikata.

Katikati, kitambaa cha dharura. Tufunge pamoja vitambaa viwili safi, bandeji, kipande cha sabuni, na pakiti mbili za chumvi ya kurudisha maji mwilini. Kama pakiti hazipatikane, tubebe sukari na chumvi: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko ya chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Panga ikikata mtu, tukandamize kidonda kwa nguvu na kitambaa safi, bila kufungua kila dakika kuangalia.

Juu ya nyoka, tuseme neno moja ambalo halitapendeza wote. Wengi wanatembea na jiwe nyeusi. Jiwe nyeusi haitoi sumu. Kuchanja hakutoi sumu, kunyonya hakutoi, na kufunga kamba kali kunaweza kuua mguu. Kazi ya kufanya ni hii: kuvua pete na bangili, kumlaza mtu atulie, kufunga mguu ao mkono na fimbo mbili na kitambaa ili usitikisike, na kumbeba mpaka kituo cha afya. Asitembee mwenyewe. Kila nusu saa tunayopoteza na jiwe, sumu inaendelea na kazi yake.

Panga iwe na ala. Kipande cha chambreri ya zamani kilichokunjwa na kufungwa kinatosha. Panga wazi kando ya mfuko inakata kamba, na siku mtu anateleza inakata mtu.

Kisha chupa ndogo ya javeli na kiberiti. Ni ya migomba. Ukikata mgomba mgonjwa na kuingia na panga ileile mu shamba la jirani, umemletea ugonjwa nyumbani. Tuchanganye sehemu moja ya javeli ya nyumbani na sehemu tano za maji, siku ileile ya kazi, na tuoshe panga kabla ya kugusa shina lingine. Kama javeli hakuna, tuwashe moto na tuipashe panga mpaka haishikiki na mkono. Chupa ile iandikwe jina, ikae mu sakeji yake mbali na chakula, wala isiwe chupa ya maji ya kunywa.

Juu kabisa: daftari na kreyo. Kamba ya mafundo ya kupima nafasi: mahindi sentimetre 75 kwa 50, maharagi 40 kwa 20, mihogo metre moja kwa metre moja. Filimbi, juu sauti ya mtu inakufa haraka mu bonde. Tukubaliane mu koperative: mara tatu ni kusema njooni. Simu na kadi ya uchaguzi zikae mu sakeji ya plastiki iliyofungwa. Namba za watu wawili ziandikwe ku karatasi, juu batri ikikufa namba zote zinakufa nayo. Mwisho, kipande cha plastiki cha kujifunika mvua.

Visivyoingia

Dawa ya wadudu haiingie kamwe mu mfuko wenye chakula, hata kama imefungwa vizuri. Chupa tupu ya dawa haiwe chupa ya maji, hata ikioshwa mara kumi. Vijiti vya mihogo kutoka shamba ambalo majani yake yana madoa ya manjano ao yamejikunja, tuviache kule. Pesa ya koperative na kashe yake hazina kazi ku shamba.

Nani atabeba, nani atalipa?

Hapa ndipo tuna neno zito zaidi. Tunaona kila siku njiani: mama ana mtoto mgongoni, ana mzigo wa kuni ao wa mihogo na kamba ku kipaji, na ana jembe. Mbele yake baba anatembea na panga tu. Mama yule tukimwambia aongeze mfuko wa dharura, tunamwonea. Na kamba ya kupita kifuani haipatane na mtoto mgongoni. Kwa hiyo tunapendekeza kikundi kigawane: mu watu watano wanaokwenda njia moja, mmoja abebe dharura, mwingine abebe javeli na kamba ya kupima, na kila mtu abebe maji yake. Na wababa wenye mikono mitupu ndio waanze.

Kuhusu pesa, mtu mmoja mmoja hataweza kununua vyote, na hatumwombe. Koperative ishonee mifuko miwili ao mitatu, iikae ku depo, na wanaokwenda kutembelea mashamba waichukue kwa kusaini. Mtu mmoja wa komite, si prezida, ahesabu vitu kila mwisho wa wiki na kurudisha vilivyotumika. Na washirika wanaopanga semina, tunawaomba waziwazi: pahali pa mifuko hamsini ya maandishi, leteni bandeji, sabuni na filimbi. Mkulima hatalalamika kukosa maandishi.

Jioni ya kurudi, mfuko umwagwe wote. Tutikise udongo, tuoshe panga, tukaushe vitambaa, tujaze maji ya kesho. Mfuko unaokaa siku tano bila kufunguliwa unakuwa nyumba ya panya na chumvi iliyooza.

Mkutano mkuu wa koperative unapokaribia, tuombe neno hili liandikwe mu ajenda, pamoja na mbegu na bei ya kahawa. Linaweza kumalizika kwa nusu saa: nani anashona, nani anahesabu, nani anabeba. Siku mwanamemba atajikata kule juu, nusu saa ile tutakuwa tumeshaitumia vizuri.