Uvimbe wa Kizazi si Ulozi

Mama, sikiliza neno hili. Na wewe baba, usifunge kitabu ukisema, Haya ni mambo ya wanawake.

Katika kizazi cha mwanamke uvimbe unaweza kuota, nao umefanyika kwa nyama ya kizazi chenyewe. Pengine ni mdogo kama punje ya haragi, pengine ni mkubwa kama kichwa cha mtoto. Si kansa, na ni mara chache sana kansa kuonekana ndani yake.

Watu husema, Amelogwa. Lakini uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba kufika umri wa miaka 50, wanawake weusi zaidi ya 80 katika 100 walikuwa nao, na wanawake weupe karibu 70 katika 100. Ni nani aliyewaloga wote hao?

Wengi hawana taabu, wala hawahitaji dawa wala kisu. Siku za mwezi zikikoma, mara nyingi uvimbe hupungua wenyewe.

Naona kinachotudhuru zaidi ni haya. Mama anatokwa damu nyingi kila mwezi, anafua vitambaa usiku, hamwambii mtu. Kisha anaanguka njiani na mzigo wa kuni, maana damu imempungukia. Akiletwa hivyo, kumpasua ni hatari mpaka apatiwe damu.

Basi usingoje. Njoo kama siku zako zinapita 7, kama kitambaa kinalowa kila saa, kama tumbo linavimba au mimba zinaharibika. Damu ikirudi baada ya siku za mwezi kukoma kabisa, njoo upesi, maana pengine ni alama ya kansa.

Ziko dawa za kupunguza kutokwa damu, na vidonge vya chuma vya kuongeza damu mwilini. Ikiwa lazima kupasua, mara nyingi munganga aweza kutoa uvimbe tu na kuacha kizazi, na mama aweza kuzaa tena. Pengine hutoa kizazi chote; hapo hatazaa tena. Kwa hiyo uliza kabla ya kukubali: Mtatoa nini, mtaacha nini?

Baba, bibi yako hakuchagua uvimbe. Usimrudishe kwao. Ulioa mtu, hukuoa kizazi. Mlete hospitali, keti karibu naye, usikie mwenyewe maneno ya munganga.