Karafuu Haziliwi: Tuzihisabu kwa Mchele



Kila msimu unapokaribia, afisi yetu hii hujaa watu wenye suala moja tu: "Katibu, bei mwaka huu itakuwa ngapi?" Hatuwalaumu. Mwenye mikarafuu asipouliza bei ya karafuu atauliza nini tena? Lakini leo twataka kuzungumza nanyi juu ya bei nyengine, ambayo haiulizwi afisini bali hulalamikiwa jikoni, nayo ni bei ya mchele, unga, sukari na mafuta. Twaona kwamba sisi wakulima tumezoea kutazama mkono mmoja tu wa mizani, ule unaotupa, na mkono unaotunyang'anya tumeuacha bila ya kuutazama.

Karafuu haziliwi. Mkulima wa mahindi akikosa soko hula mahindi yake, na mvuvi akikosa mnunuzi hula samaki wake. Sisi tukikosa, hatuna la kufanya kwa gunia la karafuu ila kulinusa. Kila tonge tunayokula sharti kwanza ipandiwe mtini, ichumwe, ichambuliwe makonyo, ianikwe, ipimwe, ndipo igeuke shilingi, na shilingi igeuke mchele. Basi faida yetu haijulikani mpaka tufike mwisho wa safari hiyo, yaani mpaka chungu kiteleke.

Tufanye hisabu kidogo, na kila mmoja aifanye kwa nyumba yake. Tuchukue bei ya shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, ambayo wengi wetu tuliizoea katika miaka ya 2010. Mchele ukiwa shilingi 2,000 kwa kilo, basi kilo moja ya karafuu hununua kilo 7 za mchele. Mchele ukipanda hata ukafika 3,000, kilo ile ile ya karafuu, iliyochumwa kwa jasho lile lile, hununua kilo 4 na theluthi mbili tu. Hapana aliyetushushia bei ya karafuu. Bei imekaa pale pale, nasi twasema, "Alhamdulillahi, haikushuka." Kumbe imeshuka, ila imeshukia dukani.

Sasa tuseme nyumba ina watu 8 na hupika kilo 2 za mchele kila siku. Hizo ni kilo 60 kwa mwezi. Kwa bei ya kwanza ni shilingi 120,000, na kwa bei ya pili ni shilingi 180,000. Tafauti ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya kilo 4 za karafuu kavu. Na kila mmoja wetu anajua kwamba kilo moja kavu hutoka katika kilo kama 3 mbichi. Kwa hivyo mwenye nyumba ile yampasa achume kilo 12 na ushei za karafuu mbichi zaidi kila mwezi, ili watoto wale kile kile walichokuwa wakila zamani. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya kilo 50 kavu. Na hapo hatujataja sukari, mafuta, unga wa ngano wala kitoweo.

Watu huuliza, kwa nini vyakula hupanda hivi? Wako wasemao kwamba ni uchu wa wenye maduka, na basi. Hatusemi kwamba hapana mfanyabiashara mwenye uchu. Sura nzima imeteremshwa kwa khabari ya wenye kupunja vipimo, na haikuteremshwa bure. Lakini mwenye duka la kijijini naye hununua kwa mtu, na mtu huyo kwa mwengine. Mchele mwingi tunaokula visiwani hutoka Asia, na mwengine hutoka bara. Ngano hatulimi kabisa. Basi likitokea jambo mbali huko, sisi hulisikia mezani. Mwezi wa Februari 2022 vilipoanza vita vya Urusi na Ukraine, ngano na mafuta ya kupikia yalipanda dunia nzima. Mwezi wa Julai 2023 Serikali ya India ilizuia mchele mweupe usiokuwa basmati usiuzwe ng'ambo, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Septemba 2024. Mwishoni mwa 2023 meli zikaanza kushambuliwa katika Bahari ya Sham, na nyingi zikaiacha njia ile zikazunguka kusini mwa Afrika. Na safari ikirefuka, nauli nayo hurefuka.

Kisha sisi wa Pemba tuna mzigo wetu wenyewe juu ya huo. Gunia likishafika Dar es Salaam au Unguja halijafika kwetu. Sharti lishushwe, lipakiwe tena katika chombo kidogo, lishushwe Mkoani au Wete, lipakiwe gari, ndipo lifike kijijini. Kila bega linalobeba lataka ujira, na haki yake apewe. Lakini ujira wote huo hulipwa na yule wa mwisho, naye ndiye mama anayenunua nusu kilo kwa sababu hana pesa za kilo nzima.

Wala haya si mageni. Wazee wetu walikuwa wakila mchele wa Burma. Wajapani walipoiteka Rangoon mwezi wa Machi 1942, mchele ule ukakatika. Chakula kikagaiwa kwa vipimo, na watu wakarejea kwenye muhogo na mtama, na mabonde yaliyokuwa yameachwa yakalimwa mpunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wazazi wetu walipanga foleni za chakula, na ilhali karafuu zilikuwa zikiuzwa vizuri nje. Na katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipofika kujitosheleza kwa karafuu zake wenyewe, bei ikaanguka na wengi wakaiacha mikarafuu ikafunikwa na magugu. Mara tatu tumefunzwa somo moja, kwamba kisiwa kinachouza kitu kimoja na kununua kila kitu hukaa juu ya ncha ya kisu. Na kila mara, mambo yakitengenea kidogo, twalisahau.

Na leo walaji wamezidi. Hisabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta Zanzibar ina watu 1,303,569, na ya mwaka 2022 ikakuta 1,889,773. Ardhi haikuzidi hata pishi moja. Bali mabonde mengine ya mpunga yamepungua, kwa kuwa maji ya chumvi yameyaingia.

Sasa tuje kwenye lile linalotuumiza zaidi, nalo ni daftari la dukani. Mikarafuu, kama mjuavyo, haizai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja hushindwa kuchumwa ikaisha, na mwaka wa pili mtu hutazama juu akaona majani matupu. Katika mwaka ule wa majani, nyumba hula kwa kukopa. Mwenye duka huandika. Yule anayekopa hawezi kuuliza bei, wala hawezi kusema kwamba mchele huu ni wa zamani. Huchukua anachopewa na kushukuru. Deni likizidi, huambiwa, "Basi nipe karafuu zako zingali mtini." Huziuza mbichi, kabla hazijaiva, kwa bei ya mwenye shida. Msimu unapofika yeye huchuma mashamba yake mwenyewe kama mchumaji wa kukodiwa. Hatutaji mtu, lakini tumewaona walioingia katika afisi hii na karatasi mkononi, wazee wa kuheshimiwa, wakitutaka tuwasomee walichotia saini. Kusoma mwengine, aliyekula ameshakula, ni kazi nzito kwa katibu.

Kwa hivyo halmashauri yenu inaleta mashauri matatu, ili yajadiliwe katika mkutano mkuu ujao.

La kwanza ni ghala ya chakula. Kila mwanachama atakayependa, akishalipwa karafuu zake katika mwaka mzuri, aweke katika chama thamani ya gunia moja la mchele au zaidi. Chama kitanunua kwa pamoja, moja kwa moja kwa wauzaji wa jumla, wakati mpunga wa bara umeshavunwa na bei imelegea, si katika mkesha wa Ramadhani ambapo kila mtu hununua. Mwanachama atachukua mchele wake kidogo kidogo katika miezi ya ukame wa pesa, kwa bei ile ile iliyonunuliwa pamoja na gharama ya kuuleta. Jambo hili si geni katika dini yetu. Nabii Yussuf alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakumwambia mfalme ailaani miaka ya njaa, bali alimwonyesha namna ya kuweka akiba katika miaka ya neema. Na mkarafuu wenyewe hutufasiria ndoto hiyo hiyo kila baada ya miaka michache, sisi tu hatusikii.

Hapa yatupasa tuseme kweli. Tulijaribu mara moja kununua mchele wa wachumaji, na tulikosea. Tuliuweka sakafuni katika chumba chenye unyevu, ukaingia fukusi, na magunia ya mwisho walikula kuku. Lawama ile ilikuwa yetu wenyewe wa afisi. Lakini mtu akiteguka mguu hakatazwi kutembea, hufunzwa kutazama anapokanyaga. Safari hii magunia yatawekwa juu ya chaga, mbali na ukuta. Kila kinachoingia kwanza kitatoka kwanza. Na funguo zitakuwa mbili, moja kwa mshika fedha na moja kwa mama mmoja atakayechaguliwa na akina mama wenyewe, kwani anayepika ndiye anayejua kwamba kibaba kimepungua. Daftari litasomwa mbele ya watu kila mwezi.

La pili ni kwamba mfuko wa chama utoe karadha ndogo ya chakula, isiyo na riba, kwa mwanachama aliyebanwa, ili asiuze karafuu zingali mtini. Itarejeshwa msimu ukifika. Asiyerejesha hali anao uwezo hatapewa tena, awe nani awe nani, hata akiwa katibu.

La tatu ni jembe. Hatumwambii mtu akate mkarafuu kupanda muhogo. Lakini mche mchanga wa mkarafuu hutaka kivuli, nao hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa. Migomba na muhogo vikipandwa kati ya miche huifunika na jua, na huilisha nyumba katika miaka ile ya kungojea. Majimbi yanapenda pale penye maji, na shelisheli huzaa bila ya kuombwa. Leo twanunua mbatata na vitunguu vya bara, na hata tungule, na nyuma ya nyumba zetu pana uwanja umeota nyasi. Tena tumewafunza watoto wetu kwamba muhogo wa nazi ni chakula cha maskini na mkate wa ngano ndio wa waungwana. Maneno hayo yametugharimu pesa nyingi kuliko kodi yoyote.

Twajua yatakayosemwa. Wako wenzetu katika halmashauri wanaotaka fedha iliyopo ijengewe afisi mpya, kwa kuwa hii inavuja. Ni kweli inavuja. Sisi ndio tunaokaa chini yake, na twayaandika haya hali beseni liko pembeni ya meza. Lakini twauliza: mwanachama atafurahi vipi kuingia katika afisi yenye dari nzuri, amekuja kusomewa karatasi ya kupoteza karafuu zake? Dari itangoje.

Wako watakaosema kwamba tunawafanyia uadui wenye maduka. Sivyo. Wao ni majirani zetu na wengine ni wanachama. Mwenye duka mwenyewe huumia kwa madeni yasiyolipwa, na bei ya wanaokopa huwaangukia hata wanaolipa taslimu. Ghala yetu haitauza barabarani. Ni akiba ya wenyewe kwa wenyewe.

Na wako watakaosema kwamba kazi ya chama ni kudai bei nzuri ya karafuu, si kuuza mchele. Kudai tutadai, na hatutachoka. Lakini bei ya karafuu hatuipangi sisi; tangu Shirika la Biashara lilipoundwa mwaka 1968 tumekuwa tukiingoja itangazwe. Bei ya mchele wa dunia nayo hatuipangi. Kati ya bei hizo mbili pana nafasi ndogo iliyo mikononi mwetu: lini tununue, kwa pamoja au mmoja mmoja, kwa taslimu au kwa daftari, na nini tupande wenyewe. Nafasi hiyo tukiiacha, tumelala wenyewe.

Twawaomba basi mje katika mkutano, na mje na wake zenu, maana wao ndio wanaojua bei. Na kabla ya kuja, kila mmoja aandike kwa mwezi mmoja chakula kilichoingia nyumbani kwake na thamani yake, kisha aigawe kwa bei ya kilo ya karafuu. Atakayeiona hisabu yake kwa macho yake hatahitaji hutuba yetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.

Katibu wa Chama