Chetezo Kiingie Mwisho

Kila Alhamisi jua likianza kutua, mitaa yetu ya pwani hunukia ubani. Mama wa nyumba hutia chetezoni makaa mawili matatu yaliyokwisha kushika moto, akadondosha juu yake chembe za ubani, kisha akazunguka nyumba nzima: ukumbini, vyumbani, uvunguni, nyuma ya mlango. Mimi nimelelewa katika moshi huo, na jioni nikiukosa naiona nyumba imepwaya. Basi, ndugu msomaji, usinihesabu katika wanaodharau mambo ya wazee. Maneno yangu leo ni ya mtu wa nyumbani.

Bibi yangu alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyethubutu kuuvunja. Kwanza nyumba ilifagiwa, shuka zikafuliwa, majamvi yakaanikwa juani, mtungi ukasuguliwa. Aliyegombana na jirani alitumwa kuomba radhi kabla ya magharibi. Yote yakisha, ndipo chetezo kikatolewa. Kwake yeye ubani ulikuwa kama marashi, na marashi hujipaka aliyekwisha oga.

Leo tumepindua. Nyumba ina wiki haijadekiwa, ndoo ya taka imefurika, ndugu wa tumbo moja hawasemezani, nasi tunafukiza tukingoja nuksi itoke kwa miguu yake. Wauzaji wamekwisha kutujua. Huyu ana ubani wa kuvuta riziki, yule ana wa kumrudisha mume, wa tatu ana wa kuvunja husda, na wote, ukitazama vizuri, umetoka gunia moja. Ubani ni utomvu wa mti. Kule Dhofar nchini Oman, Somalia na Ethiopia, gome hukwanguliwa, utomvu ukachuruzika, ukakauka, ukabanduliwa; majahazi ya kaskazi yaliuleta kwetu tangu zamani. Na miti yenyewe imechoka. Mwaka 2019 wataalamu walitoa taarifa kwamba katika Ethiopia, Eritrea na Sudan mikubwa inakufa na michanga haikui, hata mavuno huenda yakapungua kwa nusu katika miaka 20. Mti unatiwa jeraha ili sisi tukwepe ufagio!

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Mpwa wangu alijifungua, na siku ya tisa dada yangu akaona chumba cha mzazi kifukizwe barabara. Mlango ukafungwa, dirisha likafungwa, pazia likashushwa, chetezo kikasukumwa chini ya kitanda. Baada ya muda mpwa wangu akashikwa na kizunguzungu, akashindwa kuinuka, na mtoto akalegea mikononi mwake. Wanawake wakapiga kelele kwamba jini amechokozwa, ongezeni ubani! Mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, aliingia bila hodi, akalisukuma dirisha, akawatoa wote wawili barazani. Mungu mkubwa, walipona.

Jini huyo anajulikana. Makaa yanayowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuinyang'anya hewa nafasi yake. Aliyelala hupitiliza asiamke. Na ubani, kwa utamu wake, humfanya mtu avute pumzi ndefu zaidi. Utaniambia: mbona wazee walifunga madirisha wasidhurike? Walifunga, ndiyo, lakini juu yao palikuwa na makuti, na kati ya ukuta na paa hewa ilipita usiku kucha. Sisi tumejenga kwa saruji, tukaweka dari na vioo, wengine na kiyoyozi, kisha tukaendelea kufukiza kama tuliomo kibandani. Tumebadili nyumba, desturi tukaiacha vile vile.

Lipo jingine zito kuliko hilo. Mtoto akipatwa na degedege, wapo hata leo wanaomfukiza mavi ya tembo, wakidhani ameguswa na shetani, na saa zinakwenda. Huenda hiyo ni malaria kali iliyopanda kichwani, na mtoto huyo anatakiwa hospitali sasa hivi, si kesho asubuhi. Hata kivumbasi, ambacho moshi wake kweli humkera mbu, kazi yake huisha moshi ukiisha, na mbu ana usiku mzima mbele yake. Fukizeni kivumbasi jioni, wenzangu, lakini chandarua kishushwe. Na mwenye pumu asiambiwe avumilie kwa kuwa moshi ni wa baraka. Atolewe nje kwanza.

Mpwa wangu hajaacha kufukiza. Makaa huyawashia uani mpaka yaive, madirisha huyafungua kwa mkono wake, akazunguka vyumba upesi, na chetezo kikarudi nje kabla ya mtoto kulazwa. Dada yangu humfuata nyuma akinung'unika kwamba ubani wote unakwenda kwa jirani.