Hotuba zimetosha, twendeni RITA

Jumamosi tulienda tena kwa wadogo zetu wa kidato cha sita, shule moja ya kata. Sisi wa Mlimani kwa hotuba hatujambo: someni kwa bidii, chuo kinawasubiri, makofi. Halafu binti mmoja akanifuata pembeni. "Dada, cheti cha kifo cha baba nakipata wapi?" Nikaduwaa. Yatima akiomba mkopo, Bodi inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, na baba yake alizikwa kijijini bila karatasi yoyote. (Cheti changu cha kuzaliwa alikihangaikia mzee, mimi hata foleni sikupanga.) Jamani, divisheni wani ataipata mwenyewe. Hizi karatasi ndizo tumsaidie, tena mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Jumatatu naongozana naye wilayani. Nani anakuja?