Ndama Hupewa Dang'a, Mtoto Je?

Hapa Uasin Gishu hakuna mfugaji asiyejua kwamba ndama akizaliwa sharti anyonye dang'a katika saa chache za kwanza, la sivyo atadhoofika. Ajabu ni kwamba mfugaji huyo huyo huweza kunyamaza nyumbani mwake huku dang'a la mkaza mwanawe likikamuliwa na kumwagwa, eti ni chafu, na kitoto kikinyweshwa maji ya sukari.

Wengi hudai kwamba akina mama hawajui. Mimi ni mwalimu mjini Eldoret, na nilipojifungua kifungua mimba wangu nilikuwa nimeyasikia yote kliniki: mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila hata tone la maji. Nilijua, na nilitaka. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 hutupa likizo ya miezi 3 tu. Niliporudi shuleni, nilikuwa nikikamua maziwa katika ghala ya vitabu, mlango nimeuzuia kwa kiti, kisha nikiyamwaga kwa kukosa mahali pa kuyahifadhi. Kabla ya muhula kwisha, mwanangu alikuwa amezoea uji.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba watoto walio chini ya miezi 6 wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa 32 kwa kila 100 mwaka 2008-09, wakafikia 61 mwaka 2014. Mwaka 2022 walikuwa 60. Mafunzo, basi, yalizaa matunda, kisha tukakwama, nami sidhani kuwa bango jingine la kliniki litatukwamua.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na kumpa mama nafasi ya kukitumia, hadi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Ni walimu wangapi wanaoijua haki hiyo? Ni wakuu wangapi wa shule walioipangia nafasi katika ratiba? Nasi tunaofundisha uzazi darasani twaweza kuanza kwa kuisoma sheria hiyo pamoja na wanafunzi wetu, wavulana wakiwemo.

Ile ghala ya vitabu ingali pale. Ina dirisha na umeme. Jokofu dogo lingeenea mle.