Darubini Isipotee Nyansiongo

Ukienda nyumbani Nyansiongo likizo ya Desemba na darubini ya kompyuta, kijitabu chake huenda kikakutaka uielekeze kwa Nyota ya Kaskazini. Usihangaike! Nyansiongo iko chini ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima vya majani chai.

Mashine haijui iko wapi hadi uiambie. Andika latitudo ya Kusini, si Kaskazini, na majira +3. Tarehe nyingi huanza na mwezi, kama Wamarekani wanavyopenda. Na saa je? Hapo ndipo wengi huteleza. Saa nne usiku ni 22:00. Ukiandika 4:00 itadhani ni alfajiri, ikutafutie nyota mahali zisipokuwepo.

Simamisha miguu yake sawasawa, kisha chagua Capella kaskazini na Canopus kusini, ile mabaharia wa Pwani waliyoiita Suheli. Nyota moja haitoshi. Kwa mbili ndipo inajua mbingu imekaaje. Ilete kila moja katikati ya kioo kwa vitufe.

Sasa iagize ikuonyeshe Kilimia, ambacho kwenye orodha yake kimeandikwa M45.