Fundi Asiyejua Mtandao wa Gari Anauza Hasara

Katika maduka ya vipuri vilivyotumika, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ipo bidhaa moja ambayo ikinunuliwa kwa makosa huwa hasara moja kwa moja. Bidhaa hiyo ni kontroli boksi. Mnunuzi hulipa, fundi huifunga, gari halibadiliki, na mnunuzi akirudi dukani hukuta kibao kinachosema mali ikiuzwa hairudishwi. Muuzaji naye ana sababu yake, kwani kifaa cha elektroniki kilichochomekwa kwenye gari lenye hitilafu kinaweza kurudi kikiwa kimeungua.

Mara nyingi hasara hiyo haitokani na ubovu wa bidhaa. Inatokana na kununua kabla ya kupima, na kupima kunashindikana kwa sababu mafundi wengi walijifunza kazi kwenye magari ya kabureta na pointi, wakati magari wanayoletewa leo yanaendeshwa kwa mawasiliano. Wenye gereji, wauza vipuri na wawekezaji wadogo wenye daladala na teksi wanapaswa kulitazama jambo hili kama suala la mtaji, si suala la ufundi peke yake.

MTANDAO WENYEWE

Zamani kila taa na kila swichi ilikuwa na waya wake. Vifaa vilipozidi kuongezeka, waya zikawa mzigo na gharama. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza mwaka 1983 kubuni njia ya kuziwezesha boksi zote za gari kuzungumza kupitia waya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo, unaojulikana kwa jina la CAN, ulitangazwa mwaka 1986 jijini Detroit, Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa tayari ndani ya magari makubwa ya Mercedes-Benz. Kanuni zake za kimataifa zilitolewa mwaka 1993. Marekani ililazimisha magari mapya ya kuanzia modeli ya 2008 kutumia njia hiyo kuwasiliana na mashine ya kupimia, na watengenezaji wa Japani na Ulaya nao wameeneza mfumo huo katika magari yao.

Kwa soko la Afrika Mashariki maana yake ni dhahiri. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Gari linaloshushwa Mombasa chini ya utaratibu huo ni la kizazi cha mtandao, liwe dogo au kubwa.

Boksi za injini, breki, usukani na dashibodi zimeunganishwa kwenye waya zile zile mbili. Ni kama watu wa baraza moja: anayezungumza husikiwa na wote, na wawili wakianza pamoja, mwenye jambo zito zaidi huendelea na mwingine hunyamaza mpaka zamu yake. Ubaya wa mpango huo ni kwamba waya moja ikikatika au ikigusana na nyingine, baraza zima laweza kuvurugika. Taa za injini, breki na usukani huwaka kwa pamoja, gia hukwama, na gari lililokuwa zima jana huonekana kana kwamba boksi zake zote zimekufa usiku mmoja.

Hapo ndipo ubahatishaji unapoanza. Kumbe chanzo kinaweza kuwa panya aliyetafuna waya, maji yaliyoingia kwenye soketi baada ya injini kuoshwa, au fundi wa redio na alamu aliyekata waya asioujua ili apate umeme wa haraka.

KIPIMO CHA DAKIKA CHACHE

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine ya gharama kubwa. Kinahitaji mita ya kawaida ya umeme. Katika kila ncha ya njia kuu ya mtandao kuna kizuizi cha ohm 120, na vizuizi viwili vikipimwa kwa pamoja hutoa ohm 60. Fundi hufungua waya wa betri, husubiri dakika chache, kisha hupima kati ya tundu namba 6 na namba 14 za soketi yenye matundu 16 iliyo chini ya dashibodi. Akipata karibu na 60, njia hiyo haijakatika. Akipata 120, upande mmoja umekatika au kizuizi kimoja hakionekani. Akipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana au boksi mojawapo imeungua ndani.

Betri ikirudishwa na ufunguo kuwashwa, kila waya ukiwa umetulia huonyesha takriban volti 2.5. Boksi inapozungumza, waya mmoja hupanda kuelekea 3.5 na mwingine hushuka kuelekea 1.5. Waya uliokwama kwenye sifuri au kwenye volti 12 unasema wenyewe kuwa una tatizo. Baada ya hapo fundi huchomoa boksi moja baada ya nyingine, na kipimo kikirudi sawa baada ya boksi fulani kuchomolewa, amepata pa kuanzia.

Mipaka ipo. Magari mengi mapya yana boksi ya lango kati ya soketi na mtandao wa ndani, hivyo kipimo cha kwenye soketi hakitoshi na fundi hulazimika kufuata mchoro wa waya wa gari lenyewe. Waya za mifuko ya hewa hazichokonolewi kwa mita hata kidogo. Hayo yote ni mambo ya kufundishwa, hayapatikani kwa kukisia.

Hali ni hiyo hiyo kwa namba za hitilafu. Namba zinazoanza na herufi U zinahusu mawasiliano. Mashine ikionyesha U0121, maana yake ni kwamba boksi iliyotoa taarifa haiisikii boksi ya breki za ABS. Haisemi kuwa boksi ya ABS imekufa. Inawezekana fyuzi imeungua, waya wa ardhi umelegea au waya wa mtandao umekatika. Fundi asiyejua tofauti hiyo humtuma mteja dukani siku hiyo hiyo.

NANI ANANUFAIKA NA KUBAHATISHA

Tatizo lingekuwa dogo kama soko lenyewe lisingemlipa anayebahatisha. Katika gereji nyingi za mitaani mteja hukubali kulipia kufunga kifaa, lakini hukataa kulipia kupima, akidai kuwa fundi hajafanya kitu. Fundi naye hutafuta riziki yake kwenye cha juu anachopewa na duka la vipuri. Kwa mpango huo, fundi anayegundua kuwa tatizo ni waya mmoja anapata kidogo kuliko anayeuza boksi isiyohitajika.

Mfano wa hesabu unaonyesha ukubwa wa jambo hili. Ichukuliwe kuwa boksi iliyotumika ni shilingi 600,000 na kipimo kamili ni shilingi 50,000. Namba hizi ni za mfano tu, si bei za soko. Kati ya magari 10, kama boksi 3 zilinunuliwa bure, wateja wamepoteza shilingi 1,800,000. Kuyapima yote 10 kungegharimu shilingi 500,000. Kwa bei hizo kipimo kinarudisha gharama yake hata kama ni boksi 1 tu kati ya 12 ambayo ingenunuliwa bila sababu. Hapo hazijahesabiwa siku ambazo daladala imelala bila kuingiza chochote, huku mkopo wa benki ukiendelea kudai riba.

ELIMU ITANGULIE MASHINE

Wawekezaji wengi wanaoona pengo hili hukimbilia kununua mashine ya kupimia. Hilo ni kuanza mwisho. Mashine husoma kile ambacho boksi zinakisema. Boksi iliyonyamaza haina la kusema, na hapo anahitajika mtu anayejua kufuata umeme kwa mita na mchoro. Vyuo vya VETA hufundisha umeme wa magari, lakini fundi mwenye familia si rahisi kuacha kazi ili akae darasani muda mrefu. Mwenye gereji anaweza kumlipia masomo ya jioni, na akanunua mkanda wa waya na boksi chache kutoka kwenye gari lililopata ajali ili mafundi wajifunzie bila kuhatarisha gari la mteja.

Wapo wanaosema fundi akishafundishwa ataondoka na ujuzi wake. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni malipo. Gereji itoze kipimo kwa risiti, na fundi apewe fungu lake la fedha hiyo. Kwa njia hiyo atakuwa na sababu ya kubaki, na hatakuwa na haja ya kutegemea cha juu cha dukani.

Wauza vipuri nao wana nafasi yao. Duka linaloandika namba ya boksi kwenye risiti, na kumweleza mnunuzi mapema kuwa boksi nyingi za injini hazikubali gari jingine mpaka zioanishwe na funguo zake, litapunguza ugomvi. Duka linaloweza kukubali marejesho kwa mteja aliyekuja na karatasi ya vipimo kabla ya kununua litavutia gereji makini.

Mwekezaji mdogo anayefikiria kuingiza fedha katika gereji asihesabu mashine zilizopangwa ukutani. Aulize mambo matatu: kama gereji inatoza kipimo na kukiandika, kama ina michoro ya waya ya magari inayoyatengeneza, na ni boksi ngapi ilizofunga mwezi uliopita ambazo hazikumaliza tatizo. Mwenye gereji asiyeweza kulijibu swali la tatu hajui faida yake inatoka wapi, na si mtu wa kukabidhiwa mtaji kwa sasa.